Homa ya Mashine ya Mama

Juzi sokoni nilisimama mbele ya kijana mmoja muuza soda. Alikuwa amefunika barafu yake kwa gunia la katani lililoloa maji, na upepo wa ziwani ulikuwa unapita juu ya lile gunia ukinijia usoni. Nilisimama muda mrefu kuliko anavyosimama mnunuzi. Kijana akanitazama, akatazama soda zake, akanitazama tena.

“Babu, unanunua au unanusa?”

Wenzake wakacheka. Nikanunua soda nisiyoitaka, nikainywa nikiwa nimesimama pale pale karibu na gunia. Lakini jibu la kweli ni kwamba nilikuwa nanusa. Gunia lililoloa halina harufu moja. Kuna vumbi ndani yake, kuna kamba, kuna mafuta ya mbegu za pamba, na kuna kitu kingine kama mvua iliyofikiria kunyesha halafu ikaghairi. Mtu akinifunga macho akaniletea harufu hiyo, nitamwambia niko wapi. Niko sakafuni, juu ya simenti baridi, katika chumba chenye mwanga hafifu wa kahawia, na juu ya kichwa changu kuna kitu kinavuma taratibu bila kuchoka. Mama yuko kwenye kiti. Vidole vyake vinagonga. Hakuna baya linaloweza kunipata.

Tuliishi Mwisenge, pale Musoma, mimi na mama. Baba alikuwa Buhemba akitafuta dhahabu, na tulimwona kama watu walivyoiona sukari siku zile, kwa nadra na kwa kelele nyingi. Mama alikuwa karani mchapaji katika chama cha ushirika wa pamba. Ofisi yao ilikuwa jengo refu la bati karibu na maji, limeshikana na ghala ambamo malori ya kutoka Bunda yalishusha pamba. Wa rika langu mtaukumbuka wakati ule. Kwanza watu walikuwa na kazi ila vitu havikuwapo madukani. Halafu vitu vikaanza kuja, na kazi zikaanza kuondoka. Kila nyumba ilikuwa na neno lake la kuogopa. Kwetu neno lilikuwa kupunguzwa. Nilidhani mtu akipunguzwa kazini anarudi nyumbani akiwa mfupi zaidi, kwa hiyo kila jioni mama alipoingia nilimpima kwa macho. Kitambaa chake cha kichwani kilikuwa kinagusa chini kidogo ya msumari wa kalenda. Kikigusa, nililala vizuri.

Kompyuta ilikuja juu ya lori la pamba, ndani ya sanduku la mbao, imelazwa katikati ya magunia kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Wafadhili ndio waliitoa. Kijana mmoja akaja nayo kutoka Dar kumfundisha mama, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa pale nikitazama. Alimwonyesha mahali pa kuwashia, mahali pa kuandika, na jinsi ya kuifunika kwa mfuko wake wa nailoni kila jioni ikishalala. Nilimwona mama akiuvuta ule mfuko na kuuweka sawa pembeni, kama alivyonifanyia mimi na shuka.

“Humu ndani kuna sahani ya chuma inazunguka,” kijana alisema akigonga lile sanduku kwa kidole. “Majina ya wakulima wenu wote yanakaa humo. Mama, kitu hiki kina maadui wawili tu, vumbi na joto. Ikichemka sana, sahani inaharibika na majina yanapotea.”

Mzee Juma, tarishi wa ofisi, alikuwa ameegemea mlango akitafuna kijiti cha mswaki. Alikuwa mtu wa mjini, baba yake alikuwa fundi cherehani, na hakupitwa na neno.

“Sasa mwanangu, umekuja Musoma,” akasema. “Tukifunga dirisha tuzuie vumbi, joto linatuua. Tukifungua tuzuie joto, inaingia pamba, inaingia vumbi, wanaingia na wale wadudu. Tufanyeje?”

“Mnahitaji kiyoyozi.”

“Kiyoyozi!” Mzee Juma akamgeukia mama. “Mama Mafuru, umesikia? Sabuni yenyewe tunaazimana.”

Kijana akacheka, nasi tukacheka, na baada ya siku chache akapanda basi akaondoka. Maadui wawili wakabaki na sisi.

Wadudu aliowasema Mzee Juma ni vile vijidudu vya ziwani ambavyo huinuka juu ya maji kama moshi. Ukiwa mtoto unaona nguzo nyeusi imesimama ziwani, inayumba, inasogea, na huwezi kuamini kwamba moshi ule una mabawa. Ukifika nchi kavu unaingia puani, kwenye uji, kwenye taa. Feni ya nyuma ya kompyuta iliwavuta ndani pamoja na nyuzi za pamba zilizokuwa zikielea hewani kutoka ghalani. Mama alijaribu kufunga madirisha. Akatoka jasho mpaka karatasi zikamganda mikononi, na sanduku likawa la moto kama sufuria. Akafungua, na kesho yake akakuta feni imevaa sufi kama kifaranga. Akanipa kazi: nisimame nyuma ya mashine nikipepea kwa kipande cha boksi. Nikapepea mpaka nikasinzia nikaanguka juu ya kikapu cha taka.

Dawa aliipata Butiama, kwa mama yake. Tulikuwa tumekwenda kumsalimia bibi, na mama alikuwa akinywa maji ya mtungi uliokaa pale upenuni, mahali upepo unapopita. Akashusha kikombe. Akaupapasa ule mtungi, umeloa nje, baridi, na jua lote lile. Tuliporudi mjini aliomba magunia mabovu ya pamba, akayashona pamoja, akayatundika dirishani upande wa ziwa na kuyamwagia maji. Upepo ukaja, ukapita ndani ya magunia, ukaingia chumbani ukiwa mwingine kabisa. Pamba ikanasa nje. Wadudu wakanasa nje. Mama akaweka kiganja nyuma ya feni, akafumba macho.

“Inapumua vizuri,” akasema.

Nililichukua neno lile kama lilivyo. Inapumua.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa magunia. Nikitoka shule nilipita ofisini, nikachota maji bombani, bomba likikataa nikachota ziwani, nikayamwagia magunia kuanzia juu. Kisha nikalala sakafuni. Sijui kama nimewahi kulala tena vile maishani mwangu. Mwanga uliopita kwenye matundu ya magunia ulitapakaa ukutani kama magamba ya sato, ukitikisika gunia likitikisika. Matone yalidondoka kwenye beseni. Feni ilivuma sauti moja isiyopanda wala kushuka, na nyuma yake, ukisikiliza sana, kulikuwa na mlio mwembamba wa ile sahani ikizunguka na wakulima wake wote. Niliwaona wakulima wamekaa mle ndani kwenye kivuli, wamevaa makoti yao ya siku ya mnada, wananong’ona. Umeme ukikatika, mvumo ulishuka polepole kama mtu anayekubali usingizi, nami nilishuka nao. Ukirudi, mama aliiwasha na kuisemesha kwa sauti ya chini, “Haya, amka,” na sikujua kama alikuwa anaiambia mashine au mimi.

Ofisini watu walianza kuitwa kwa meneja mmoja mmoja. Wengine walitoka na bahasha na hawakurudi. Mama alizidi kuyashona magunia yake. Hakuniambia, lakini nilimsikia akimwambia Mzee Juma, “Hii mashine ikikaa, nakaa. Ikiondoka, naondoka.” Basi nikajua kwamba afya ya kile kitu ndiyo chakula chetu.

Lazima niseme kuhusu bibi na blanketi, maana bila hilo hamtaelewa. Nilikuwa mtoto wa homa. Nikiwa Butiama homa ikinishika, bibi hakunipepea wala hakunilowesha kitambaa. Alichuma majani ya mwarobaini, akayachemsha, akaniketisha juu ya kigoda na sufuria ile katikati ya miguu, akanifunika mimi na sufuria kwa blanketi zito na kukandamiza pembe zake chini kwa miguu yake mwenyewe. Nililia humo ndani. Nilisema nakufa.

“Hufi,” bibi alisema kutoka nje, kwenye ulimwengu wenye hewa. “Homa haiogopagi baridi, mjukuu wangu. Inaogopaga joto lililoizidi. Vumilia, itatoka na jasho.”

Na kweli ilitoka. Kwanza nilizidi kuchemka mpaka masikio yakapiga kelele, kisha jasho likanibubujika, blanketi likafunuliwa, na nikaona dunia imeoshwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho wa kiangazi, kabla mvua hazijaamua. Ziwa lilikuwa limelala kama bati. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa uzi. Nilipofika ofisini mama alikuwa amesimama, anavaa viatu vyake vya heshima.

“Meneja ameniita,” akasema. “Mashine inapanga majina, itachukua muda. Usiguse kitu, baba. Wewe lowesha magunia tu na unitazamie.”

Alikuwa ananiita baba kwa sababu nilipewa jina la baba yake. Akaenda. Mzee Juma naye alikuwa ametumwa posta.

Nilikwenda bombani, bomba likakohoa vumbi. Nikashika ndoo niende ziwani, kisha nikasimama. Aliniambia nimtazamie. Nikienda ziwani nani atatazama? Nikarudi. Magunia yalikuwa yamekauka, yananing’inia kama ngozi. Na ule mvumo niliokuwa naujua kuliko sauti ya baba yangu ulikuwa umebadilika. Ulikuwa umepanda juu, unahema. Nikaweka kiganja juu ya sanduku kama mama alivyokuwa akiniwekea kwenye paji la uso. Lilikuwa la moto. Nikaweka shavu. Lilikuwa linatetemeka.

Nikajua ni homa.

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba mashine ile haifunikwi ikiwa macho. Nilichokuwa nimekiona kwa macho yangu ni kwamba inafunikwa kila jioni, kwa upendo, na asubuhi inaamka nzima. Blanketi la Mzee Juma lilikuwa limekunjwa pembeni, lile la kijivu la mistari myekundu alilolalia zamu za usiku. Mwarobaini ulikuwa uani. Nilichuma matawi nikakimbia, nikayapanga juu ya sanduku na nyuma yake pale inapopumulia, maana sikuwa na maji ya kuchemsha na niliona joto lake lenyewe litatosha. Kisha nikalifunika sanduku kwa lile blanketi na kukandamiza pembe zake vizuri, kila upande, hewa isipate njia. Nilifanya kazi safi. Bibi angenisifu.

Nikakaa karibu nayo. Nikaisemesha. “Vumilia, itatoka na jasho.” Chumba kikaanza kunuka majani machungu ya moto. Nikaingiza mkono chini ya blanketi, nikakuta imezidi kuchemka, na moyo wangu ukafurahi, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwangu pia, unazidi kwanza ndipo unapona. Mvumo ukawa mzito. Ukatoka mlio kama msumari unaoburutwa juu ya bati, mrefu, kisha mfupi. Kisha kimya.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Nilisikia maji ya ziwa. Nilifunua taratibu, kama bibi, nikitegemea jasho. Hakukuwa na jasho. Kioo kilikuwa cheusi na ndani yake alikuwamo mtoto mmoja mwenye macho makubwa. Nikajiambia imepata nafuu, imelala. Lakini mikono yangu ilikuwa inajua, kwa sababu ililikunja blanketi haraka na kuyatupa majani dirishani kabla sijaiamuru.

Mama aliingia akiwa anatembea kama msichana. Alinishika mabega.

“Nimebaki, baba! Wamesema mimi nabaki. Wamesema nani mwingine anaijua hii mashine?”

Kisha akatazama juu ya kichwa changu.

Aliiendea. Akabonyeza, akabonyeza tena. Akaweka kiganja juu ya sanduku akakiondoa upesi. Akazunguka nyuma, akainama kwenye feni, akakwanyua kitu kidogo kwa kucha na kukifunga kwenye pindo la khanga yake. Nilidhani ni mdudu.

“Umeigusa?”

“Hapana, mama. Imelala yenyewe.”

Nje Mzee Juma alikuwa anarudi akiimba. Mama akasema, “Haya. Nenda nyumbani ukanywe uji.”

Fundi aliyeletwa kutoka Mwanza aliifungua na kusema sahani imekwaruzika kwa joto, hairudi. Meneja aliuliza nani alikuwa nayo. Mama akasema ni yeye, aliiacha imewaka akasahau kufunua mfuko wake. Haya nilisimuliwa na Mzee Juma, ambaye aliongeza, akinitazama kwa jicho moja, “Mama yako hasahau. Hata deni la chumvi hasahau.” Jioni ya siku aliyofukuzwa, mama alipoingia nilimpima kwenye msumari wa kalenda. Kitambaa kilikuwa chini, chini sana, kwa sababu alikuwa ameinama.

Najua mtakachosema. Chama chenyewe kilikuja kufa chote, na meneja wake, na ghala lake. Angepunguzwa tu. Nimejiambia hivyo miaka mingi na hainisaidii, kwa sababu wenzake waliondoka wakiwa wamepunguzwa, yeye aliondoka akiwa ameharibu. Kuna tofauti, na mji mdogo unaijua.

Akaanza kuuza dagaa. Alinunua Musoma akapeleka mnada wa Bunda, na kwa dagaa hao akanisomesha sekondari, huko huko Bunda, shule ya bweni. Jumamosi moja nilikuwa napita mnadani na wenzangu, tumevaa sare zetu, tunazungumza Kiingereza chetu cha kuvunjika ili wasichana wasikie. Mama alikuwa ameketi juani nyuma ya lundo lake. Alikuwa amewafunika dagaa kwa magunia. Akainuka nusu, akapunga mkono. “Baba! Mafuru!”

“Mbona yule mama anakuita?” mwenzangu akauliza.

“Amenifananisha,” nikasema, na nikapita.

Ya kompyuta niliyafanya nikiwa mtoto na kwa nia njema. Haya niliyafanya nikiwa na akili zangu. Sikuwahi kuyasema mawili hayo, nikaoa nayo, nikazeeka nayo.

Mama alimalizia miaka yake katika nyumba ile ile ya Mwisenge, amekuwa mwepesi kama karatasi. Siku moja ya joto baya, feni ikawa haina umeme, nikatafuta gunia, nikalilowesha na kulitundika dirishani upande wa ziwa. Harufu ikaingia. Akafumbua macho, akalitazama.

“Leo umepata maji,” akasema.

Alikuwa na homa, na homa ilipogeuka kuwa baridi akaanza kutetemeka. Nikavuta blanketi kumfunika, nikakandamiza pembe.

“Taratibu na hilo blanketi, baba. La Mzee Juma liliua.”

Mikono yangu ikasimama palepale. Yeye alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu.

“Ulijua?”

“Blanketi lilikuwa bado la moto. Na jani la mwarobaini haliingiagi kwenye kompyuta kwa miguu yake.”

“Kwa nini hukusema, mama? Kwa nini hukunichapa?”

“Nikuchape kwa nini?” Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. “Ulikuwa unaitibu.”

Gunia lilidondosha matone kwenye beseni. Ukutani mwanga ulitikisika kama magamba. Nilijua kwamba nisiposema sasa sitasema tena.

“Na ile siku ya Bunda, mama. Mnadani.”

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, polepole, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiiamshia mashine:

“Siku hiyo jua lilikuwa kali. Sikuona vizuri. Nilimfananisha mtoto wa watu.”

Nikainuka, nikachukua ndoo, nikalimwagia gunia maji kuanzia juu. Upepo ulipokuja nikaweka kiganja karibu na pua yake. Alikuwa anapumua vizuri.